Tuombe au Tucheke? Mwongozo Kamili wa Kuwatoa Watoto Siku ya Sikukuu

Kila sikukuu ikipita, wazazi wenzangu hunijia na lalamiko lilelile. Tuliwatoa watoto, pesa ikatumika, tukafika, tukarudi tumenuniana. Mmoja alilia njia nzima, mwingine akasusa chakula. Baba alipandisha, mama akanyamaza, na usiku hakuna aliyekumbuka kwamba asubuhi walianza kwa sala.

Nimeshaeleza kwa mdomo mara nyingi mno, sasa naandika. Mwongozo huu ni wa anayetoka na watoto wa miaka 3 hadi 12, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mimi ni Mkristo, kwa hiyo mifano yangu inatoka huko. Mwislamu ataweka dua yake mahali pa sala yangu, na hatua zitabaki zilezile.

Kosa ninaloliona kwa karibu wote ni moja. Mzazi anabeba maji, anabeba chakula, anabeba nguo za akiba, halafu imani na ucheshi anatarajia kuvikuta hukohuko. Huko havipo. Saa nane mchana, jua la utosi, watoto wana kiu na wewe kichwa kinagonga, utatumia ulichokuja nacho tu.

## Vitu vya kuandaa

- Maji ya kunywa, kila mtoto na chupa yake. Chupa ya pamoja ndiyo huanzisha vita ya kwanza.
- Nguo za kubadili kwa kila mtoto, pamoja na blauzi au shati lako mwenyewe. Hilo la mwisho wengi husahau, na anayetapikiwa kwa kawaida ni mzazi.
- Kofia, na mwamvuli mmoja mkubwa.
- Sabuni, karatasi za chooni, taulo ndogo, na mfuko mtupu wa nguo zilizolowa.
- Plasta, bandeji, pakiti za ORS (unga wa kuchanganya na maji, wa kumnywesha mtoto akiharisha), na dawa ambazo mtoto hutumia siku zote. Mwenye pumu asitoke bila pampu yake.
- Kalamu ya wino usiofutika upesi.
- Simu iliyojaa chaji, na nauli ya kurudi ikiwa kwenye bahasha ambayo haiguswi hata watoto walie vipi.
- Sala moja fupi ambayo hata mdogo anaiweza.
- Wimbo mmoja ambao wote wanaujua.
- Kisa kimoja cha aibu yako mwenyewe, cha utotoni, ambacho watoto hawajawahi kukisikia. Kitunze. Utakihitaji kwenye Hatua ya 8.

Vya kuacha nyumbani: viatu vipya vinavyobana, nguo nyeupe, na ndugu yeyote anayesema "watoto wa siku hizi" zaidi ya mara mbili kwa saa. Huyo wa mwisho najua mara nyingine haepukiki.

## Hatua ya 1: Siku iwe na jambo moja

Wiki moja kabla, chagua jambo moja. Kuogelea, au kuona wanyama, au bembea, au kumtembelea bibi. Si kuogelea, kisha wanyama, kisha bibi.

Mtoto hahesabu mmefika mahali pangapi. Anachojua ni kama alicheza bila kuharakishwa. Kila kituo unachoongeza kinakuja na foleni, kutafuta choo, na "haya, vaeni viatu twende". Ukiweka vituo vitatu, siku nzima ni kuvaa viatu.

Usiwaulize "mnataka kwenda wapi?" Swali hilo huleta majibu sita na kilio kimoja. Wape chaguo mbili ambazo tayari umeona unazimudu kwa mfuko na kwa umbali, wao wachague moja. Kama pesa haipo, sema wazi: "Mwaka huu tunaenda kwa miguu." Watoto huvumilia ukata kuliko wanavyovumilia ahadi hewa.

Ulizia mapema kama mahali penyewe pana vyoo, pana kivuli, pana mwokoaji majini, na saa za kufunga siku ya sikukuu. Saa hizo mara nyingi si zilezile za siku za kawaida.

Utajua mpango umekaa sawa pale mtoto mdogo kuliko wote anapoweza kuueleza kwa sentensi moja isiyo na "halafu" ndani yake.

## Hatua ya 2: Sala ya usiku wa kuamkia

Kaa nao wakiwa wameshakula. Waeleze kesho kwa mpangilio wake: tutaamka, tutaenda ibadani, tutakula, tutapanda gari, tutacheza, tutarudi kabla ya giza. Mtoto anayejua kinachofuata hapambani nacho sana kinapokuja.

Toa sheria tatu, zisizidi. Usiende popote bila kumwambia mkubwa. Usiingie majini kabla mkubwa hajaingia. Ukiitwa, itika. Sheria ya nne na kuendelea wataisahau, na wewe pia utaisahau.

Kisha sala, na waachie waombe wao.

Hapa ndipo wazazi wengi wacha Mungu huharibu. Tunaigeuza sala kuwa kikao cha nidhamu: "Ee Bwana, msaidie mwanao huyu aache ukaidi, asituaibishe tena kama mwaka jana." Chumba kizima kinajua anayesemwa ni nani, na Mungu hakuwa ameuliza. Mtoto anayeshitakiwa kwa Mungu huku kafumba macho hajibu kitu, ila kesho yake atakulipa. Kama una neno naye, mwambie uso kwa uso kabla ya sala, liishe.

Wa pili wangu, akiwa na miaka sita, aliwahi kuomba hivi, mikono kaikunja kifuani, sauti ya kwaya: "Mungu, mpe baba akili asipotee njia kama siku ile. Na mama asikasirike. Na kama atakasirika, amkasirikie baba. Amina." Baba yao aliitikia "amina" ya chini sana. Sikumsahihisha mtoto, na nakushauri usisahihishe. Sala ile ilikuwa na hofu ya kweli, ombi mahususi, na mpango wa akiba. Zaburi zimejaa watu wanaomweleza Mungu mambo kama yalivyo, tena kwa maneno makali kuliko hayo.

Sala yako wewe iwe fupi. Zaburi ya 121 inamalizika kwa ahadi kwamba Bwana atakulinda utokapo na uingiapo. Kutoka na kuingia: maneno hayo mawili yanaitosha safari ya siku moja, na mtoto wa miaka minne anaweza kuyashika.

Hatua hii imefaulu ukisikia angalau mmoja ameombea jambo ambalo hukujua linamtisha. Lishughulikie hilo usiku huohuo. Kwetu mmoja aliomba "vyoo visiwe na giza". Tukabeba tochi. Miaka miwili alikuwa akikojoa vichakani nami nikidhani ni utundu.

## Hatua ya 3: Asubuhi

Walishe kabla ya ibada, hata kidogo. Mahubiri marefu hayamchoshi mtoto kama tumbo tupu linavyomchosha, na lawama zote hupewa mahubiri.

Wakishavaa nguo za kutokea, wasimamishe mlangoni uwapige picha moja ya pamoja, kuanzia kichwani hadi miguuni. Si ya kumbukumbu hiyo. Mtoto akipotea, ukiulizwa amevaa nini, akili yako haitakumbuka hata rangi. Picha itakumbuka.

Andika namba yako ya simu upande wa ndani wa mkono wa kila mtoto. Jina usiliandike mahali pa wazi, wala usimvalishe fulana yenye jina lake mgongoni. Mgeni anayemwita mtoto kwa jina, mtoto humdhania kuwa ni mtu wa nyumbani.

Choo, wote, hata anayesema hana haja. Anayesema hana haja ndiye wa kwanza kuhitaji.

Toka dakika 45 kabla ya muda unaodhani unatosha. Kuna kiatu kitapotea. Sijawahi kuona sikukuu isiyopotewa na kiatu.

## Hatua ya 4: Njiani

Watoto wakae viti vya nyuma na mikanda wafungwe, wadogo kwenye kiti chao maalumu kama mna gari lenu. Usimpakate mtoto kiti cha mbele ukidhani mikono yako ni mkanda. Gari likifunga breki ghafla, hakuna mikono inayomzuia.

Anayetapika njiani akae panapomwezesha kuona mbali nje, asitazame simu wala kitabu, na dirisha lifunguliwe kidogo. Tumbo linachafuka kwa sababu macho yanaona kitu kimetulia wakati mwili unahisi mwendo.

Wimbo ule mliouandaa uuanze kabla ya ugomvi, si baada yake. Ukiuanzisha baada, utaonekana ni adhabu.

## Hatua ya 5: Dakika kumi za kwanza mkifika

Hizi ni dakika ambazo watoto wanataka kukimbia na wewe unataka kukaa. Msifanye lolote kati ya hayo. Mkiwa bado mmesimama pamoja, fanyeni haya:

1. Chagueni mahali pa kukutania panapoonekana kutoka mbali: mti mkubwa, mnara, lango. Mwambie kila mtoto akuelekeze kwa kidole. Asipoweza kukuonyesha, hajaelewa.

2. Waonyeshe watu wa kuombwa msaada: mfanyakazi mwenye sare, au mama aliye na watoto wake. "Usiongee na mtu usiyemjua" haimsaidii mtoto aliyepotea, maana hapo wote ni watu asiowajua.

3. Mpe kila mtoto namba. Ukisema "hesabu", wa kwanza anaita moja, mwingine mbili, mpaka mwisho. Fanyeni mara tatu kama mchezo, kwa sauti za ajabuajabu, mkubwa wa sauti nzito na mdogo wa sauti ya paka. Wakiicheka wataipenda, na wakiipenda hutalazimika kuwakimbiza.

4. Wakubwa wapangiane zamu kwa jina na kwa saa. "Mpaka saa sita ni mimi, halafu ni wewe." Mwenye zamu hashiki simu, hapiki, hapigi soga.

Nirudi kwenye hiyo namba ya nne. Luka, sura ya 2, anasimulia familia iliyokwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka na kijana wao wa miaka 12. Sikukuu ikaisha, wakashika njia ya kurudi, wakatembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo kwenye msafara. Hakuwemo. Walimpata baada ya siku tatu. Hao ni Yusufu na Mariamu. Kwa hiyo usijione mzazi mbaya kuliko wote duniani, ila jifunze walipokwama: katika kundi kubwa la ndugu na marafiki, kila mtu hudhani mtoto yuko kwa mwenzake. Kadiri wakubwa wanavyokuwa wengi, ndivyo anayeangalia hupungua, mpaka mmoja atajwe kwa jina.

Kama pana maji, zamu ya majini ni ya peke yake. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Hunyamaza, na haichukui muda: chini ya dakika moja inatosha. Kwa mdogo hata maji ya sentimita chache yanatosha kumuua. Asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako kumfikia, na maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea, hayaokoi. "Mungu atatulinda" usiitamke ukiwa umeupa mgongo maji.

Sasa nikiri la kwangu. Mwaka mmoja nilitoka na watoto sita, watatu wangu na watatu wa dada yangu. Katikati ya mchana nikaita "hesabu". Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nikashusha pumzi. Kisha sauti ndogo, yenye furaha tele, ikaita: "Saba!"

Nilikuwa na mtoto wa mtu. Alifuata mpira, akakuta mchezo wa kuita namba, akajipa namba. Alikuwa na kiatu mguu mmoja, tukadhani ndivyo alivyokuja. Dakika chache baadaye alitokea baba mmoja akikimbia, ana sura ambayo kila mzazi anaijua. Sikusema neno. Nilisema tu "hesabu", na mwanawe akamwitikia kwa namba yake.

## Hatua ya 6: Mtoto asipoitika

Soma hatua hii leo, ukiwa umetulia. Siku yenyewe hutasoma kitu.

Anzeni kwenye maji, au barabarani kama maji hayapo, maana huko ndiko kunakoua haraka. Mkubwa mmoja abaki pale mtoto alipoonekana mara ya mwisho, kwa sababu mtoto anaweza kurudi alipoanzia. Mwingine aende mahali pa kukutania. Wa tatu aende kwa wahusika na ile picha ya asubuhi.

Paza sauti, na usilitaje jina tu. Taja anavyoonekana: "Namtafuta mvulana wa miaka mitano, fulana ya kijani, kaptula nyeusi!" Jina halimsaidii mpita njia kumtambua mtoto, fulana ya kijani inamsaidia. Watu wanaona haya kupiga kelele mbele za watu. Haya hiyo iache.

Na uombe? Omba, ila miguu isisimame. Maneno mawili yanatosha, "Bwana, mwonyeshe", ukirudia kwa kila hatua. Hata Mariamu na Yusufu waligeuza njia kwanza.

Ukimpata, mkumbatie kabla ya kusema lolote. Usimchape. Mtoto aliyechapwa baada ya kupatikana, safari nyingine atajificha akijua amepotea. Wote mkishatulia, muulize: "Ulipoona hunioni, ulifanya nini?" Jibu lake litakuonyesha sheria ipi haikuingia. Mmoja wetu alijibu, "Nilikaa kimya ili usijue nimepotea." Tangu hapo kwetu tunasema: kupotea si kosa, kosa ni kutokuitika.

## Hatua ya 7: Chakula, kwa kifupi

Mikono kwa sabuni. Shukrani ya sentensi moja, chakula kikiwa bado kimefunikwa ili mchanga na nzi wasiitikie amina. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na jua likiwa kali sana, saa moja. Kilichobaki baada ya hapo usikionee huruma.

Wa chini ya miaka mitano wasile wakikimbia au wakicheka kwa nguvu, wala wasipewe karanga nzima au pipi ngumu. Huwakaba.

Akiharisha na ORS za pakiti zimeisha, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe bapa, visijae kilele. Usiongeze chumvi kwa kukisia. Mnyweshe kidogo kidogo, na akizidi kulegea au akitapika kila anachokunywa, safari ya hospitali ndiyo matembezi yenu ya siku hiyo.

## Hatua ya 8: Siku ikiharibika

Nimetumia neno "ikiharibika" kwa adabu. Itaharibika. Mvua, foleni, mlango umefungwa, puto limepasuka, mkubwa kamwita mdogo kinyesi mbele ya mchungaji. Hatua saba zote zilizotangulia zinapunguza madhara, hazizuii.

Fuata mpangilio huu, na usiuruke.

Kwanza, angalia kama kuna aliyeumia. Aliyegonga kichwa na kuzimia, kutapika, kusinzia ovyo au kuongea asichoeleweka anapelekwa hospitali, hapasubiriwi. Hapo si mahali pa kicheko.

Pili, lisimulie jambo kama lilivyo, kwa sentensi moja. "Mvua inanyesha na hatuna pa kujikinga." Sentensi hiyo huwatuliza watoto kuliko "hakuna shida", kwa sababu wanaiona shida kwa macho yao.

Tatu, jicheke wewe. Ndiyo kazi ya kile kisa cha aibu ulichokibeba. Mtoto aliyekojoa suruali mbele za watu hahitaji methali. Anahitaji kusikia, pembeni, kwamba mama naye darasa la pili alikojoa jukwaani akiwa ameshika mshumaa, na malaika wote wakasogea upande mmoja. Changu ndicho hicho, nimeshakitumia, tafuta chako.

Nne, fanya jambo dogo linalofuata. Futa. Badilisha nguo. Sogea kwenye kivuli. Kicheko kisichofuatwa na taulo ni dhihaka.

Kuna mpaka hapa, na usivukwe na mtu yeyote, hata mjomba mchekeshaji. Mtoto hachekwi kwa hofu yake, kwa machozi yake, kwa mwili wake, wala kwa sala yake. Kipimo ni rahisi: mtazame usoni. Kama yeye hacheki, hicho si kichekesho, hata kama wengine kumi wameshika mbavu. Na kicheko hakiji juu ya machozi. Machozi yaishe kwanza, kamasi zifutwe.

Umri nao una yake. Wa miaka mitatu anatosheka ukivaa soksi yake kichwani. Wa miaka saba anataka utani wa maneno, tena aurudie mara thelathini. Wa miaka kumi na mbili anataka jambo moja tu, usimwaibishe mbele ya wenzake. Kwake ucheshi ni kumkonyeza ukiwa mbali, kisha ugeuke kama hakuna kilichotokea.

Wapo wanaoniambia kwamba kucheka mambo yakiharibika ni kukosa uchaji. Nawaelekeza kwa Sara. Mwanzo, sura ya 18, alicheka kwa kutoamini, tena akakana kwamba amecheka. Sura ya 21, mtoto amezaliwa, akasema Mungu amemfanyia kicheko. Na mtoto akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka. Mungu hakulikataza jambo lile, alilipa jina na kulilea.

Nilijifunza hatua hii matopeni. Mvua ilikuwa imekatika, nimevaa gauni jipya jeupe la sikukuu, ambalo kwenye orodha yangu mwenyewe sikupaswa kulivaa. Nilikuwa nawafokea watoto waangalie wanapokanyaga. Mguu ukateleza, nikakaa chini kwa makalio yote mawili, taratibu, kama mtu anayekaribishwa kiti. Sufuria ya chakula nikawa bado nimeiinua juu ya kichwa, haikumwagika.

Watoto sita wakaganda. Hakuna aliyecheka, na ukimya ule uliniuma kuliko kiuno: walikuwa wananisubiri nipasuke. Kitinda mimba akasogea, akainama, akanong'ona: "Mama, tuombe au tucheke?"

Nikamwambia vyote viwili, ila kwanza mnipokee sufuria.

## Hatua ya 9: Ondoka kabla hawajachoka

Ondokeni siku ikiwa bado tamu. Kanuni yangu: mtoto wa kwanza akilia bila sababu, zimebaki dakika 30. Wa pili akilia bila sababu, mmeshachelewa.

Toa taarifa mbili, dakika 20 kabla na dakika tano kabla, kisha mwambie kila mmoja achague kitu chake cha mwisho: bembea moja ya mwisho, jiwe moja la mwisho. Mtoto anayenyakuliwa katikati ya mchezo hulia mpaka nyumbani, na ana haki.

Hesabu kabla ya kupanda gari na baada ya kupanda. Mkifika, aliyelala abebwe wa kwanza. Mtoto asiachwe garini hata dakika chache wakati unashusha mizigo. Gari lililofungwa juani hupata joto la kuua upesi kuliko unavyoweza kuamini, hata vioo vikiwa vimeachwa wazi kidogo.

## Hatua ya 10: Usiku

Waoge, wale kitu chepesi, kisha kila mmoja aseme mambo mawili: lililomchekesha na la kumshukuru Mungu. Wewe pia. Mara nyingi litakuwa jambo lilelile moja. Mwaka wa matope, watoto wote sita walishukuru kwa sufuria.

Usifanye tathmini usiku huo. "Kesho kutwa tutaongea kuhusu ulivyomsukuma mwenzio" ni maneno ya kesho kutwa, yaache hukohuko. Anayelala kabla ya zamu yake kufika, mshukurie kwa niaba yake, kwa sauti ya chini.

Na begi lifunguliwe usiku huohuo, hata kama macho yanafumba. Nguo zilizolowa zitoke, chupa zioshwe, mabaki yatupwe. Mwaka ule wa namba saba nilichoka nikaliacha siku nne. Nilipolifungua nilipokelewa na harufu ambayo sitaieleza, na chini kabisa, kimefungwa kwa uangalifu kwenye taulo na kitinda mimba anayejivunia kupanga viatu, kilikuwemo kiatu kidogo cha mguu wa kushoto ambacho si cha mtoto wangu yeyote.